Mguu na Mguuni

Nilikuwa nimekusudia kuupita mji ule nikiwa usingizini. Lakini muhuri wa hati yangu ya kuvukia mpaka ulikuwa umefifia, ofisa akanirudisha nyuma kwa adabu zote, na basi likaendelea bila mimi. Begi langu lilishushwa likiwa linanata. Kule kwenye buti, chupa ya dawa ya kikohozi ya abiria mwenzangu ilikuwa imepasuka, na kila nguo niliyokuwa nayo, ukiacha niliyovaa, ilikuwa imekunywa dozi yake.

Mwenye nyumba ya wageni alilinusa begi kabla ya kunitazama usoni. "Pita uani," alisema. "Ukikuta wanawake wawili wanagombana, ujue umefika kwa dobi."

Uani kulikuwa na sakafu ya saruji iliyolainika kwa miaka ya sabuni, kamba nne za mashuka, na mashine ya kukamulia nguo iliyokuwa ikitetemeka kama inayotaka kutoroka. Mwanamke wa makamo alikuwa amesimama ndani ya beseni pana, amejishikiza kwenye nguzo, anakanyaga blanketi kwa mguu mmoja. Mguu wa pili, uliofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, ulikuwa juu ya stuli.

"Toka humo!" mwingine alimkemea kutoka kwenye meza ya pasi. "Na kidonda hicho, unarukaruka kama korongo."

"Wifi, piga pasi. Blanketi halijifui lenyewe."

Huyo wa kwenye beseni alikuwa anaitwa Bi Povu, na mwenye meza ya pasi alikuwa dada wa marehemu mumewe. Sikuthubutu kuuliza kama povu lenyewe ni la sabuni au la maneno. Alipokea shati langu, akalinusa, akalisugua kidogo kwa kidole gumba.

"Sukari na rangi tu," alisema. "Linatoka."

"Na mguu?" niliuliza, kwa kuwa ulikuwa pale mbele yangu, juu ya stuli, kama mgeni mwingine.

"Hilo la mguuni ndilo doa pekee lililonishinda."

Akanieleza huku akiendelea kukanyaga. Lilianza chini ya kisigino, dogo kama kifungo cha shati. Alidhani ni rangi ya blanketi jipya, maana mablanketi mapya yanachuja na yeye huyafua kwa nyayo. Alilisugua kwa jiwe. Akalipaka dawa ya kung'arishia mashuka. Wifi yake akacheka mpaka akashika mbavu: dobi mzima, anatoa madoa ya mji mzima, la kwake limemganda. Ukawa ndio mzaha wa uani. Doa likanenepa likawa kama kifungo cha koti, kingo zikapinda, upande mmoja mweusi, upande mwingine wa rangi ya chai.

Kilichomwokoa kilikuwa kipande cha kioo. Alikikanyaga hapo hapo uani, akaenda hospitali kuchomolewa, na nesi alipokuwa akisafisha kisigino kwa spiriti akaona kuna kitu hakisafishiki.

"Nikamwambia, mwanangu, usijichoshe, hilo limenishinda mimi mwenyewe. Hakucheka. Akaniuliza: limekua? Nikasema ndiyo. Limebadilika rangi? Ndiyo. Akaenda kumwita daktari."

Daktari wa upasuaji alichukua kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Majibu yalikuwa saratani ya ngozi. Bi Povu alilitamka neno lile haraka, kama mtu anayeshika pasi ya moto kwa bahati mbaya. Hakuwa amewahi kusikia kwamba saratani inaweza kukaa chini ya kisigino cha mtu mweusi kama yeye. Alidhani ni ya watu wa ngozi nyeupe wanaoungua na jua, na kisigino chake hakijawahi kuliona jua.

"Sasa unasubiri nini?" niliuliza.

Mashine ya kukamulia ilinguruma. Wifi ndiye aliyejibu, akipandisha sauti juu ya kelele ile. "Walipiga simu jana, nikapokea mimi. Wanataka kesho aende, wakate mguu."

"Siendi," alisema Bi Povu.

"Bora mguu mmoja kuliko jeneza, wifi yangu."

"Mguu mmoja nitafulia nini? Nitakanyaga blanketi kwa fimbo?" Alitoka kwenye beseni, akakaa, akaanza kuufungua ule mfuko bila kututazama. "Nimeshakata kauli. Nikae nao hivyo hivyo, nife nikiwa nao."

Nilibaki nimeshika begi langu tupu, nikijua kwamba mwanamke huyu amechagua kufa kwa ajili ya kisigino, na kwamba kwa hesabu yake hakuwa mjinga hata kidogo. Blanketi ndilo lililokuwa limemlisha na kumsomeshea watoto.

Simu iliita mezani, kando ya pasi. Wifi akaichukua, akasikiliza, akaziba sikio la pili. "Hospitali. Wanasema usile chochote kuanzia leo usiku."

Bi Povu alimpokonya simu, akabonyeza spika. "Mwambie daktari wako," alifoka, na hapo nikaelewa lile povu, "mguu wangu siutoi! Mkitaka miguu ya kukata nendeni buchani!"

Upande wa pili ulisema kitu ambacho mashine ilikimeza. Wifi akaenda kuizima. Uani pakawa kimya ghafla, maji yanadondoka tu kutoka kwenye mashuka, na sauti ya mwanamume ikasikika wazi kwenye spika.

"Mama, ni mimi daktari. Nani kakwambia tunakata mguu?"

"Nyinyi! Jana!"

"Jana nesi alisema tutakata *mguuni*. Mguu-ni, mama. Tunakata mahali, hatukati mguu."

Bi Povu alimgeukia wifi yake polepole. Wifi alikuwa ameshika swichi ya mashine, mdomo wazi.

"Mashine ilikuwa inaunguruma," wifi alisema. "Mimi nimesikia mguu. Na wewe, si herufi mbili tu!"

"Herufi mbili ndiyo mguu wangu wote, wewe!"

Nimepita katika lugha nyingi, na baadhi zina neno moja la sehemu ya chini ya kifundo na neno jingine la mguu mzima, wala hayachanganywi. Kiswahili kinaita mguu kila kitu kuanzia nyongani hadi kidoleni, halafu kinakuachia kisilabi kimoja chembamba mwishoni cha kukueleza kama utarudi nyumbani mzima. Na kisilabi hicho ndicho mashine ilichokamua.

Daktari alieleza taratibu. Watalitoa doa pamoja na ukingo wa ngozi isiyo na ugonjwa kulizunguka pande zote, ili kisibaki chochote. Shimo watalifunika kwa ngozi watakayoitoa pajani. Watapima pia vitezi vya kwenye kinena, waone kama saratani imefika huko. Halafu hatakanyagia mguu huo kwa wiki kadhaa.

"Yaani kiraka," alisema Bi Povu.

"Kiraka, ila kwa kitambaa cha nguo hiyo hiyo."

"Na nikikaa nalo?"

"Doa lako bado liko juu juu, mama. Likizama, hapo ndipo tunapoanza kuzungumzia mguu. Au makubwa kuliko mguu. Njoo sasa hivi ambapo bado ni *mguuni*."

Kesho yake alikwenda. Wifi alimsindikiza na hakuthubutu kusema neno njia nzima, jambo ambalo Bi Povu alilitaja baadaye kuwa ndilo la ajabu kuliko upasuaji wenyewe.

Mimi nilikuwa bado nasubiri muhuri wangu, kwa hiyo nilikuwepo aliporudi na magongo, bandeji nene mguuni na nyingine pajani. Alikatazwa beseni. Aliwekewa kiti katikati ya uani, mguu umeinuliwa juu ya mto, akawa anatawala kwa mdomo. Na akaanza tabia mpya. Kila aliyeleta nguo aliambiwa avue viatu.

"Geuza unyayo. Na wa pili. Panua vidole, nione katikati. Hizo kucha onyesha."

Watu walidhani ni wazimu wa dawa za usingizi. Mwenye nyumba ya wageni aligoma, akasema miguu yake ni siri yake. "Siri inanuka mpaka huku," Bi Povu alimjibu, na mwenye nyumba akavua. Mimi nilikaguliwa mara mbili, maana mara ya kwanza sikuwa nimenawa.

Hata hivyo nyuma ya mzaha alikuwa anasubiri. Vipande alivyokatwa vilikuwa maabara, na simu ilipokuwa ikiita, wifi alikuwa anaizima mashine kwanza, ndipo anapokea.

Siku ya majibu waliweka simu kwenye spika, juu ya meza ya pasi.

"Mama, kingo zote ni safi," alisema daktari. "Vitezi pia hatukuona kitu."

"Safi ya nani?" Bi Povu aliuliza. "Safi ya dobi au safi ya watu wengine?"

"Ya dobi, mama. Tumeangalia chini ya darubini. Ila utakuja kukaguliwa kila baada ya miezi michache, hilo hatuliachi."

Wifi aliinama juu ya shati la mtu akalia, mpaka ikabidi lifuliwe upya.

Bandeji ilipopunguzwa, Bi Povu alifungasha mfuko mdogo. Ana dada mkubwa anayeishi mbali, safari ya kupanda magari mawili, naye pia amefua mablanketi kwa nyayo maisha yake yote. Walikuwa wamezungumza kwenye simu. Dada alisema ana kitu kidogo kwenye kidole cha mguu, cheusi, cha zamani, hakiumi.

"Langu nalo lilikuwa haliumi," Bi Povu alimwambia. "Usilisugue. Nakuja."

"Subiri upone vizuri," wifi alimsihi getini.

"Nimepona vya kutosha kukaa kwenye gari. Nikifika nitamvua viatu nimkague, na kesho yake yuko hospitali, apende asipende. Mashine uizime ukipokea simu."

"Ndiyo, wifi."

Dereva alimsaidia kupanda, magongo yakaingizwa nyuma. Gari lilipoanza kuondoka tulimsikia akimwambia dereva avue kiatu watakapofika kwenye taa za kuongozea magari. Wifi alirudi kwenye pasi yake, nami nikarudi ofisini kuuliza habari za muhuri.