Sellah Nabwile na Mageti Saba ya Matisi

"Wewe mama, kila asubuhi unasimama kwa geti yangu ukinong'ona. Si useme tu ni nani unaroga?" Ndivyo jirani yake, Mzee Kimeli, alivyomuuliza Sellah Nabwile mbele za watu, na swali hilo likamwandama miaka miwili.

Alizaliwa mwaka wa 1957 karibu na Bungoma, binti wa mkulima wa mahindi. Mwaka wa 1979 aliolewa Kitale, mtaa wa Matisi, akalea watoto wanne, na kila alfajiri alikwenda kufungua kanisa na kulifagia. Kazi hiyo hakupewa na mtu; aliikuta imelala, akaiinua.

Mwaka wa 2014 moyo ulianza kumbana, kana kwamba mtu amemkalia kifuani. Akameza dawa, akazibuliwa mishipa mara mbili kule Eldoret, na bado maumivu yakarudi. Daktari akamwambia wazi, "Mama, tumefanya yote. Haya utaishi nayo. Meza dawa zako, tembea kila siku, na yakikubana, simama mpaka yapite." Sellah akauliza, "Nikisimama, naruhusiwa kuomba?"

Basi kutoka nyumbani hadi kanisani kifua kilimsimamisha mara saba, na kila mara ilikuwa kwa geti ya mtu. Akaweka dawa chini ya ulimi, akashika nguzo, akawaombea wa nyumba hiyo kwa majina, mkubwa mpaka mdogo, hadi maumivu yalegee. Lakini huku kwetu mwanamke anayesimama kimya kwa boma la mtu mwingine alfajiri ana jina lake, na si jina zuri. Kimeli akamshtaki kwa wazee wa kanisa. Wakamsihi awe anabebwa na pikipiki. Akawajibu, "Nikibebwa, nyumba saba zitaombewa na nani?" Kesho yake akatembea. Kimeli akamwaga maji machafu pale anaposimama; yeye akasimama hapo hapo, viatu vikalowa.

Machi 2019, akiwa kwa geti hiyo, alisikia mtu anagumia ndani, akaingia bila hodi. Kimeli alikuwa ameshika taya, jasho linamtiririka, na mkewe Chelagat anakoroga chai ya tangawizi. "Ni gesi tu, mama. Si ni hayo maharagwe ya jana!"

"Gesi gani, bana? Maumivu haya nayajua, nalala nayo kila siku. Mwaga hiyo chai, tafuta gari!"

Hospitalini walisema angechelewa kidogo tu, wangepokea maiti. Kimeli aliporudi hakuomba msamaha. Alichonga benchi, akaiweka nje ya geti. Kufikia Krismasi mageti yote saba yalikuwa na benchi.

Sellah alilala katika Bwana Agosti 2023, kwenye benchi ya saba, funguo za kanisa mkononi. Hakutupa dawa kwa ajili ya maombi, wala maombi kwa ajili ya dawa. Nasi tumwige: pale maumivu yanapotusimamisha, tutazame ni kwa geti ya nani.

Siku ya mazishi Kimeli aliitwa aseme. Watu wakangoja ule msamaha. Akashika jeneza kama mtu anayeshika nguzo, akawataja watoto wa Sellah, wajukuu pia, mkubwa mpaka mdogo, kila mmoja kwa jina lake. Akasema amina, akavaa kofia, akatoka.