Geti Lililoachwa Wazi

Jumamosi, nje ya uwanja mmoja hapa Bariadi, mama mmoja mgeni kutoka Austria aliwasimulia akina dada wa mpira wa mikono historia ya klabu ya mkoani kwao. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini tulielewa: walianza wachache, wakapanda daraja, kisha wakashuka na hawajapanda tena.

Golikipa, mama mkulima wa pamba kutoka Dutwa, akashika kifua.

"Mayu, mama yangu, mwaka huo mlioshuka, uwanjani mlikuwa mnaingilia wapi?"

"Mlangoni."

"Wote?"

"Ndiyo, wote."

Akina dada wakasogeleana. Hapa kwetu timu huruka ukuta, kwa hofu kwamba wapinzani wamefukia dawa getini.

"Mmeona?" kocha akanong'ona. "Klabu nzima imekwisha, hivi hivi!"

Muda wa mechi ulipofika, wakauruka ukuta mmoja mmoja, bila hata mmoja kucheka. Mgeni akalitazama geti lililokuwa wazi, akanipa mkoba wake. "Nishikie," akasema, naye akapanda.

Mimi, mwandishi nisiyeamini mambo hayo, nikabaki peke yangu na geti. Nikaurusha mkoba juu ya ukuta, kisha nikaufuata.