Fundi Zuberi Ajifunza Kwenda Polepole

Kasongo nzima, kule Kongo, miaka ile Wabelgiji wangali wakitawala, haikuwa na mtu mwenye haraka kama Zuberi, fundi wa cherehani. Chai aliimeza ikichemka, kisha akaigombeza. Ukienda akupime kanzu, kitambaa kilikwisha kukatwa kabla hujanyoosha mkono wa pili.

Asubuhi moja aliinama kuokota mkasi, akabaki hapo hapo. Mkewe, Mwamvita, alimkuta bado anatazama sakafu.

"Baba Mwanvua, umepoteza nini?"

"Mgongo!"

Alikandwa kwa majani, akapakwa mafuta, akadungwa sindano, wapi! Akawa anatembea amejikunja kama sindano ya kushonea magunia. Hivyo ndivyo alivyojikokota mpaka misheni kupeleka kanzu ya Padri André, Mbelgiji mzee aliyeishi China miaka mingi mpaka alipofukuzwa huko, akaletwa Kasongo. Alimkuta nyuma ya bustani ya kabichi, mikono mbele, akisukuma kitu kisichoonekana, taratibu kama mtu aliyezama majini mpaka shingoni.

"Padri, iko nini ile unasukuma?"

"Hewa."

"Imekukosea nini?"

Padri akacheka. Akamweleza kwamba hiyo ni taichi, mazoezi ya Wachina: mwili unausogeza polepole, pumzi na akili zinaufuata, moyo unatulia na mgongo unalegea. Yeye alikuwa mzee wa mvi, na bado alifunga kamba za viatu vyake mwenyewe. Hilo la viatu ndilo lililomwingia Zuberi.

Somo la kwanza lilikwisha kabla Padri hajakaa sawa. Zuberi alirusha mikono huku na huku, akafuta jasho.

"Tayari. Nyingine?"

"Anza tena. Jifanye umebeba bakuli la uji uliojaa pomoni."

"Uji wa moto?"

"Wa moto sana."

Hapo akaelewa.

Nyumbani akawa anafanya uani, kila alfajiri baada ya sala. Mwamvita alichungulia, akamwona mumewe ameinua mguu, na mguu haushuki. Akakimbia kumwita Mwalimu Yakubu wa msikitini. Mwalimu alimzunguka Zuberi, akamtazama juu mpaka chini.

"Kuna maneno yanayosomwa?"

"Hapana, Mwalimu. Ni kupumua tu."

"Kupumua si dhambi," Mwalimu akasema. Akakohoa kidogo. "Na magoti, inasaidia?"

Kesho yake naye alikuwepo. Wakafuata wazee wengine wa mtaa wenye viuno vibovu, na watu wakawapa jina: Vinyonga.

Lakini siku hizo serikali iliogopa sana madhehebu ya siri. Polisi mmoja alipoona juu ya ua wazee wamenyamaza, wote wameinua mkono mmoja, mbio mpaka ofisini. Zuberi akaitwa mbele ya bwana mkubwa, Mbelgiji aliyetawala mji.

"Munapanga nini pale kwako?"

"Bwana, tunanyoosha migongo."

"Onyesha!"

Zuberi akasimama, akafumba macho nusu. Akavuta pumzi polepole. Bwana mkubwa akangoja.

"Anza basi!"

"Nimeshaanza, bwana."

Mkono ukapanda. Ukafika kifuani, ukageuka, ukashuka. Karani akasinzia juu ya meza. Harufu ya kuku wa mawese ikaingia dirishani, na bwana mkubwa akatazama saa yake.

"Inaisha lini?"

"Bado tuko mlangoni, bwana."

"Nenda zako!" akafoka, akinyakua kofia. "Serikali ya kuangushwa na watu hawa itakuwa imekufa zamani kwa uzee!"

Basi Vinyonga wakaachwa. Mgongo wa Zuberi ukanyooka, ingawa wateja wakaanza kulalamika kwamba kanzu za Idi zinawafikia Idi imepita.

Mwaka uliofuata Padri André alihamishiwa misheni nyingine, upande wa Wamaza. Siku ya safari, Vinyonga walijipanga kando ya barabara kumuaga. Lori likanguruma, Padri akatoa kichwa dirishani, na wazee wakaanza kuinua mikono yao kwa heshima zote, kama alivyowafundisha. Lori likapinda kona mikono ikiwa bado kiunoni.

"Si mungepunga tu kama watu!" Mwamvita akasema, akijifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Mkono wa Zuberi ulikuwa ndio kwanza umefika begani.