Tulivyochuchumaa Katikati ya Nyimbo Mbili

Mimi ndiye niliyekaa chini kwanza. Pacha wawili kutoka Kyondo, wenzangu kwenye timu, mpaka leo wanajitapa kwamba walianza wao. Waongo hao. Wimbo wa taifa ulipoanza pale Kasese, kiwanja kizima kikiwa kimenyooka kama nguzo za umeme, makalio ya kwanza kugusa ardhi yalikuwa yangu. Na kwa jinsi nilivyo na akili, nilikaa juu ya mstari wa mbio uliochorwa kwa chokaa asubuhi ileile, nikiwa nimevaa kaptura nyeusi ya shule. Yaani ushahidi nilijipaka mwenyewe.

Sikukaa kwa sababu ya siasa. Serikali haikuwa imenikosea kitu siku hiyo. Nilikaa kwa sababu nilitaka mwalimu wetu wa michezo aaibike mbele za watu, aaibike mpaka jasho limtoke kwenye magoti. Nisingizie uchungu? Haukuwa uchungu. Kilikuwa kisasi, na nilikuwa nimekifuga siku mbili nzima kama mtu anavyofuga kuku wa Krismasi.

Ilikuwa hivi. Shule yetu iko juu kidogo ya Bwera, mahali ambapo ukisimama kwenye kiwanja unaona malori yamepanga foleni kuelekea mpakani. Mbio zetu ni za kupokezana kijiti. Mimi naanza, pacha wanafuata, halafu kijiti kinamalizwa na rafiki yangu, ambaye alivuka mpaka kutoka upande wa Beni akiwa mdogo, ameshikwa mkono na shangazi yake. Shangazi baadaye alirudi huko, yeye akabaki kwetu. Analala kitanda kimoja na mimi, anakula sahani moja na mimi, na mama yangu anamwita mtoto wake mbele yangu, hasa siku ambazo mimi nimemuudhi.

Shuleni halipi karo. Mkuu wa shule alimpokea kwa sharti moja tu: akimbie. Siku asipokuwa kwenye timu, nafasi yake imekwisha, arudi kuuza maandazi mpakani. Kila mtu shuleni analijua sharti hilo. Mwalimu wa michezo analijua kuliko wote, kwa sababu alikuwepo likiwekwa.

Siku mbili kabla ya mashindano ya wilaya, mwalimu huyo alituletea kiwanjani “mwanafunzi mpya”. Mwanafunzi alikuwa amenyolewa ndevu asubuhi hiyo, kidevu kimebaki na rangi mbili kama ukuta uliopakwa rangi nusu. Nilimtambua mara moja. Ni mwendesha bodaboda wa pale mpakani. Wiki iliyotangulia alikuwa amembeba mama yangu na gunia la maharage.

“Huyu ndiye atamaliza kijiti,” mwalimu akasema. “Mnamfahamu?”

“Ndiyo mwalimu,” nikasema. “Yeye yuko kidato cha ngapi? Maana mtoto wake yuko darasa la pili.”

Pacha walicheka. Mimi nikapata viboko vitatu, na kwa kweli havikwenda bure, mzaha wenyewe ulikuwa mzuri.

Halafu mwalimu akamgeukia rafiki yangu. Hakumwita pembeni. Alisema palepale, mbele yetu: “Wewe kitambulisho chako kiko ofisini kwangu. Huyu atakimbia kwa jina lako. Utakuja Kasese kubeba mifuko. Na ukifungua mdomo, karo unaijua.”

Rafiki yangu akasema, “Sawa, mwalimu.” Basi. Sawa, mwalimu. Ningepewa mimi maneno yale ningeyajibu kwa jiwe.

Jioni tulipokuwa tunamenya mihogo jikoni aliniambia, bila hata kunitazama, “Jina yangu itakimbia, miye nitabeba koti ya mutu.” Akaendelea kumenya. Mimi kisu kikanikata kidole. Hapo ndipo nilipoamua kwamba huyu mwalimu lazima alie.

Sasa nieleze mpango, maana niliutunga mwenyewe na sitaki pacha wapewe sifa. Kwetu wimbo wa taifa ukianza hakuna anayesogea. Mwalimu akiwa ameinua kiboko, kiboko kinaganda hewani. Mama mwenye beseni la ndizi kichwani anasimama wima na beseni lake. Na safari hii mgeni rasmi alikuwa ofisa wa jeshi, mtu mwenye magwanda yaliyopigwa pasi mpaka yanakata. Nikajiuliza: ni mtu gani duniani asiyeweza kutulia akimwona mwanafunzi anamdharau? Mwalimu wetu. Hata kanisani aliwahi kuruka benchi mbili kumfinya mtoto wa watu wakati wa sala. Basi sisi tukae chini wimbo ukiimbwa. Yeye atashindwa kujizuia, atatembea. Afande atamwona anatembea. Kisha tukiulizwa kwa nini tulikaa, tunamtaja huyo mamluki wa bodaboda. Mtego wa panya, jibini ni sisi.

Pacha niliwaambia kwenye lori, tulipofika njia panda ya Kikorongo na wengine wote wakitazama tembo. Waliitikia pamoja, kama kawaida yao. Rafiki yangu sikumwambia. Alikuwa nyuma kabisa, amekalia mifuko, na koti la mwendesha boda magotini. Ningemwambia angekataa. Huo ulikuwa ujinga wangu wa pili, na ulikaribia kuwa mkubwa kuliko ule wa chokaa.

Kasese jua lilikuwa kali. Shule zote zikapangwa kwa mistari. Kwaya ya shule mwenyeji ikaanza wimbo wa taifa, nami nikashuka. Pacha wakashuka. Mwendesha boda, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na jezi ya rafiki yangu, akaninong’oneza: “Eh, petit, mutoto, munachoka mbio haijaanza?”

Ubeti wa kwanza ukapita. Nilimtafuta mwalimu kwa macho. Alikuwa upande wa pili wa njia za mbio, mikono imenyooka mapajani kama inavyotakiwa, lakini mshipa wa shingo umesimama kuliko yeye. Nikamkonyeza. Ubeti wa pili. Nikapiga miayo. Ubeti wa tatu nikajifanya nafunga kamba za viatu, na sikuwa na viatu. Hakusogea! Midomo yake ilikuwa inanitukana taratibu huku ikiimba, lakini miguu haikuondoka. Wimbo ukaisha. Mtego umelala, panya anacheka.

Nikataka kusimama. Hapo mwenye kipaza sauti akasema kwa furaha, “Asanteni. Sasa tubaki hivyohivyo kwa wimbo wa ufalme wetu.”

Mungu wangu. Nilikuwa nimesahau.

Mimi, niliyezaliwa hukuhuku, ninayeimba nyimbo hizo mbili kila sherehe tangu nikiwa na kamasi, nilipanga kisasi cha wimbo mmoja. Tukisimama sasa, kiwanja kizima kitasoma kwamba tumeikatalia nchi na kumsimamia mfalme, na kwetu, ambako serikali na watu wa mfalme waliwahi kupigana, jambo hilo watu hawalichekei, hasa mbele ya mwanajeshi. Tukibaki chini, kule kwenye mahema kuna bibi zetu waliofunga vitambaa vya ufalme, wanaoweza kushuka na kutumaliza kwa fimbo zao kabla afande hajafika.

“Tunafanyaje?” pacha mmoja akauliza.

“Tunafanyaje?” wa pili akauliza.

Nikajibu jibu pekee lililonijia: “Katikati.”

Tukachuchumaa. Hatukukaa, hatukusimama. Wanariadha watatu, mikono imenyooka, nyuso zimejaa heshima, makalio hewani kama watu walioshikwa na tumbo la kuhara porini. Na wimbo huo hauharakishwi. Mapaja yakaanza kutetemeka. Shule ya jirani ikaanza kukoroma kwa kicheko cha kubana. Msichana mmoja wa kwaya akapotea kabisa, akafunika uso kwa daftari.

Kicheko kile ndicho kilichomvunja mwalimu. Kuona tunamdharau aliweza; kusikia shule nyingine zinacheka timu yake, hapana. Akavuka njia za mbio, hatua ndefu, wimbo ukiwa katikati, akanishika sikio na kuninyanyua.

“Wewe mjinga! Mbuzi wewe!”

Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko kwaya.

Bibi mmoja kule hemani akapiga yowe. “Anatembea! Anatukana juu ya wimbo! Mwalimu mzima!” Mabibi wengine wakadakia. Kwaya ikamalizia mistari yake kwa haraka kama mvua inakuja. Na afande, ambaye hakuwa amesogeza hata kope, akanyoosha kidole kimoja.

“Wewe mwalimu! Simama hapo! Mikono chini!”

Sikio langu likaachiwa. Lilikuwa linawaka moto, na sijawahi kufurahia maumivu kama yale.

Afande akaja na mwanamke wa kamati ya mashindano, mama mnene mwenye miwani na orodha ya majina. “Nyinyi vijana, nini hii?”

Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye vichekesho viwili. Vyote vikakimbia. Nikasema tu: “Afande, yule hapo nyuma si mwanafunzi. Anakimbia kwa jina la mwenzetu. Mwenye jina ni yule pale anayelinda mifuko.”

Mama wa kamati akachukua kitambulisho mkononi mwa mwendesha boda, akatazama picha, akamtazama mwenyewe, akatazama picha tena. “Huyu mtoto kwenye picha amezeeka lini?” Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Nikala uso wake kwa macho, kipande kwa kipande.

Kisha yule mama akafungua kalamu. “Sheria yetu ni moja. Jina lililotumiwa kudanganya linafutwa mwaka mzima.”

Jina lile. Halikuwa la mwalimu wala la mwendesha boda. Lilikuwa la mtu anayelala kitanda kimoja na mimi. Likifutwa, hakimbii, asipokimbia, hasomi. Nilikuwa nimempiga mwalimu kwa kumtumia rafiki yangu kama jiwe.

Rafiki yangu alikuwa ameshafika, koti la watu bado mkononi. Akasema taratibu, “Mama, jina ni yangu. Miye sikuiuzisha.”

Mwalimu akaona mlango wa kutokea. “Alitoa kitambulisho mwenyewe!” akasema. “Wamepatana hao wawili, mimi nimeshangaa kama nyinyi!”

Ningemrukia. Nilikuwa nimeshakunja ngumi, na pacha walikuwa wamekunja zao nne. Lakini aliyesema alikuwa mwendesha boda, mtu ambaye hata sikuwa nimemweka kwenye mpango.

“Mwalimu, usiseme bongo, uongo, mbele ya serikali. Mama, huyu mutoto hakujua kitu. Carte hii ya picha ilitoka kwa ofisi ya mwalimu. Miye niko na bibi na batoto tatu, nilipigiwa simu, nikasema ni mbio tu.” Akaanza kuvua jezi. “Na tafazali mufanye mbio, nirudi mbele ya mupaka kufungwa.” Akamkabidhi rafiki yangu jezi, akachukua koti lake, akaondoka kifua wazi. Kiwanja kikampigia makofi kuliko washindi wote wa siku hiyo.

Mama wa kamati akafikiri, kalamu hewani. Mimi nilihesabu meno yangu kwa ulimi. Mwishowe akapiga mstari mmoja mrefu: si juu ya jina, juu ya shule yetu katika mbio za kijiti. “Timu imetoka. Jina libaki. Na mkuu wenu wa shule nitampigia mimi mwenyewe, nimwambie nataka kumwona huyu mtoto hapa muhula ujao.”

Kwa hiyo hatukukimbia. Muhula mzima wa kupanda vilima vya kwetu Bwera kwa mazoezi, umekwisha kwa kuchuchumaa. Pacha walilia. Mimi sikulia, kwa sababu afande alikuwa bado hajamaliza.

“Mwalimu,” akasema, “vijana hawa wataadhibiwa na shule yao. Wewe uliyekatiza wimbo wa ufalme, utauimba. Peke yako. Beti zote tatu. Kipaza sauti hicho.”

Akaimba. Ubeti wa kwanza ulitoka, ingawa ulitoka juu sana, kama mbuzi anayeshushwa kwenye lori. Kiwanja kizima kilisimama wima kwa heshima, na safari hii mimi nilisimama kuliko wote, kisigino kwa kisigino, kidevu juu. Kwenye ubeti wa pili akakwama. Akarudia mstari. Akakwama tena. Mtoto mdogo hemani akamsaidia neno, akalichukua. Jasho lilimshuka kuanzia kwenye masikio, likaingia kwenye kola. Kwenye magoti sijui, alivaa suruali.

Shule ilinisimamisha wiki mbili kwa kukaa chini. Pacha wiki moja moja, kwa kunifuata. Mwalimu wa michezo sasa anafundisha jiografia tu, na tukikutana kwenye njia ya jikoni napiga mluzi. Wimbo gani, anaujua.

Lori lilipotushusha Bwera jua lilikuwa linazama, na simu za watu zilikuwa zimefika nyumbani kabla yetu. Mama alikuwa mlangoni. Alimshika rafiki yangu kichwa kwa mikono miwili, akamuuliza swali moja tu, kama bado ana shule. Akaitika. Mama akampakulia bundu, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani yake, sahani imejaa, akamwambia ale. Mimi akanigeuza kwa bega, akaitazama chokaa kwenye kaptura yangu kwa muda mrefu. Kisha akasema, na ninayaandika kama alivyoyasema:

“Siku moja, kaptura moja, umetuaibisha kwa serikali na kwa ufalme. Kesho alfajiri unaingia kwenye kahawa na jembe, na utatoka siku shule itakapokuita. Sasa kaa chini, si ndiyo kazi unayoiweza? Kaa hapo, unieleze polepole: ubeti wa pili, huyo mwalimu wenu alikwama kwenye neno gani?”