Kisu chenye waya wa shaba

Nilikuwa mtoto, meno ya mbele ndiyo kwanza yamerudi, siku nilipofanya jambo nililokaa nalo kimya mpaka majuzi. Wala nisingelisema, ila mjukuu wangu Stela alishusha sanduku la visu vya babu yangu, akavitandaza mkekani hapa nyumbani Lundo. Babu alikuwa mhunzi. Wanangu wanataka kugawana visu vyake, na mimi tu ndiye ninayejua kila kimoja ni cha kazi gani. Kusoma sijui, lakini visu vile nikivishika tu navijua.

Basi mimi nasema, Stela anaandika kwenye plasta na kubandika mpinini.

“Hiki, Bibi?”

“Si unaona kilivyopinda? Cha kupogolea kahawa hicho. Babu aliwatengenezea watu wa Mbinga, chuma chake springi ya lori.”

“Na hiki kipana?”

“Cha kuparia samaki. Ona alama mbili za patasi karibu na mpini. Kisu cha babu hakikosi hizo. Hicho pembeni hakina, mgeni alikisahau.”

Akainua kile kidogo, urefu wa kidole, mpini umezungushiwa waya wa shaba.

“Cha kumenyea muhogo,” nikasema upesi.

Nimezeeka hivi, na bado nadanganya.

Kile kilikuwa kisu cha vitovu. Bibi yangu, mke wa mhunzi, ndiye aliyekuwa akizalisha wanawake wa kwetu, na alikitunza kwenye mkoba wa ngozi ya mbuzi, juu ukutani. Alituambia kisu kile kikionja damu ya samaki, mtoto atakayekatwa nacho kitovu chake hakitakauka. Tulikiogopa kama nyoka.

Siku hiyo nilitumwa ufukweni mwa ziwa kupara mbasa, samaki wetu wa huku. Kisu changu kilikuwa butu, na wasichana wenzangu wakanicheka mpaka basi.

“Jamani, mjukuu wa mhunzi anampapasa samaki!”

“Mwache, anambembeleza alale!”

Nikakimbia nyumbani nikilia kwa hasira. Hakukuwa na mtu. Nikapanda juu ya kinu, nikakichukua kile chenye waya wa shaba. Kilipita kwenye mbasa kama kwenye maji, na wasichana wakanyamaza. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nikakifuta kwenye gauni, nikakirudisha mkobani.

Kesho yake Anjela, mke wa mjomba wangu, akashikwa na uchungu. Alikuwa ameolewa kutoka Namswea, huko juu kwenye kahawa, na hapa ziwani hakuwa na ndugu. Mimi alinisuka nywele na kuniita mwanangu. Mtoto alikuja haraka, maji ya moto hayajawa tayari. Bibi akakichomoa kisu mkobani, akakata. Alikiamini.

Kitovu kikaoza. Siku ya saba tukamzika yule mtoto.

Bibi alikitoa kisu, akakinusa, akatutazama watoto wote.

“Nani kakigusa?”

“Sijui, Bibi,” nikasema, tena wa kwanza.

Watu walitafuta sababu yao. Wakasema Anjela alitoka nje ya ndoa akiwa na mimba. Aliapa, akalia, mjomba hakumsikiliza. Wakamrudisha kwao na kifurushi kimoja. Alipita niliposimama, akaniwekea mkono kichwani.

“Baki salama, mwanangu. Usiache kusuka nywele.”

Ningeweza kusema pale. Mdomo ulikuwepo.

Bibi hakuzalisha mtu tena. Na mimi miaka mingi nilijituliza kwamba zile ni imani za wazee tu. Halafu nikaenda kujifungua zahanati, nesi akatueleza kwamba wembe mchafu huozesha kitovu na kuua mtoto. Wenzangu waliitikia. Mimi nilitazama chini. Bibi alikuwa amesema kweli, kwa maneno yake.

Haya yote nilimwambia Stela pale mkekani.

“Bibi, ulikuwa mtoto.”

“Anjela naye alikuwa mtoto, ishirini hajafika. Hakuolewa tena. Nilisikia kanisani kwamba amefariki, na mimi nikainuka kuimba na wengine.”

“Sasa niandike nini?”

“Andika kisu cha kitovu. Andika ni mimi niliyekitumia kukatia samaki. Andika Anjela hakukosa kitu.”

Plasta moja haikutosha, akaongeza ya pili. Nikamwambia anisomee. Akasoma. Nikamwambia arudie, kwa sababu mimi siwezi kuhakikisha, na uongo wa kisu hiki umeshatosha.

Jumapili wanangu wanakuja kugawana. Watasoma wenyewe. Nimemwambia Stela asikifiche chini ya vingine, akiweke mbele, na mimi nitakaa hapohapo mkekani.