Sahani Aliyokula Amekaa

Fundi cherehani mmoja aliolewa na mwanamume mwenye ulimi wa asali nje na wa shubiri ndani. Kila alfajiri alimkaangia kifungua kinywa cha kushiba: soseji, viazi, nyanya, mayai mawili, na mkate uliogeuzwa kwenye mafuta yaliyobaki. Yeye mwenyewe alikula wima jikoni, akipangusa kikaango kwa kipande cha mkate. Mume kila alipoonja, alisukuma sahani.

"Viazi vimelala hivi! Mama yangu angekucheka."

Siku moja mume akafunga virago, akahamia kwa mwanamke wa mtaa wa pili ambaye, kwa maneno ya majirani, hata maji ya kuchemsha yalimuungulia. Fundi hakumfuata. Aliinamia cherehani yake mpaka binti yao akamaliza shule.

Miaka ikapita. Mume akarudishwa kwa teksi, upande mmoja wa mwili umepooza. Yule mwanamke alimkalisha mlangoni pamoja na mfuko wa dawa.

"Dada, huyu ni wako," akasema, akaondoka.

Binti alipopata habari alikuja juu. "Mama, utamwogesha mtu aliyekutupa?"

"Nikimtupa na mimi, nani atamwokota? Ni baba yako."

Daktari alipiga marufuku mafuta. Basi fundi akawa anamlisha uji, kijiko kwa kijiko.

Jumapili moja fundi aliamka na hasira ambayo hakujua ilikuwa imelala wapi. Akabandika kikaango, akakaanga kila kitu kama zamani, akapakua, akaketi mbele ya mumewe, akala taratibu. Mume alitazama, mate yakimchuruzika kidevuni.

"Kidogo tu, mke wangu."

"Daktari amekataza."

Kwa ulimi mzito, mume akasema, "Mapishi yako yalikuwa matamu. Siku zote."

Uma ukamganda fundi mkononi. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema hata siku moja?"

"Ungevimba kichwa."

Fundi akamaliza sahani yote, mpaka kiazi cha mwisho. Kisha akamfuta mume kidevu, akavuta bakuli la uji, ambao sasa ulikuwa umepoa, akamlisha bila kuupasha.

Mume alifariki mvua zilipokatika. Waombolezaji wakamsifu fundi: mke kama huyu hapatikani tena, mvumilivu, hana kinyongo. Binti akamkazia macho mama yake, akingoja aseme neno. Fundi akaitikia, "Asanteni," akaenda kuosha vikombe.