Niliuliza Kijana Ukoo Kabla ya Chai

Mjukuu wangu msichana, huyu nimelea tangu mama yake aende, alileta kijana nyumbani Jumapili moja. Kijana wa Navakholo, fundi wa posho mill, unga bado iko kwa kucha. Nilipenda vile aliinama kunisalimia. Lakini kabla hajashika kikombe nikamuuliza, "Baba, wewe ni wa ukoo gani? Na mama yako? Na mama ya mama yako?"

Mjukuu akaruka. Huyo akikasirika anaongeanga Kizungu na pua: "Kukhu! Wati hazi dhati goti tu du widhi enithingi?"

Mimi kukhu, nyanya yake, shule niliipitanga tu kwa barabara. Nikageukia kijana. "Huyu Mzungu wangu amenitukana?"

Kijana akacheka. Anaongeanga kwa nguvu kama mtu anashindana na mashine: "HAPANA, KUKHU! Anauliza hiyo swali inahusiana na nini! Inaingia wapi kwa maneno yetu!"

"Inaingia mlangoni kabisa," nikasema. "Kama nyanya yako ni wa ukoo wangu, nyinyi ni ndugu. Ndugu haoi ndugu."

Kizungu ya mjukuu ikaisha.

Kijana akataja ukoo wa baba, ikapita. Wa mama, ikapita. Wa mama ya mama, hajui. Anajua tu alitoka Iguhu. Na mimi nilizaliwa Iguhu.

Nikiwa msichana kuna mmoja nilipenda. Wazee wakafuata koo zetu wakakuta zimeshikana, wakasema hapana. Sikutaka hiyo hapana itoke kwa mdomo yangu, iangukie huyu mtoto.

"Pigia nyanya yako simu."

Nyanya akashika, sauti kama kuku iko kwa mayai: "Nani? Nani anataka ukoo yangu? Anataka kunioa?"

"Dada, mimi ni mwanamke mwenzako," nikasema. "Lakini kama uko na meno tutaongea."

"Niko nayo mawili!"

Tukacheka mpaka akakohoa. Halafu akataja ukoo. Haikuwa yetu. Hata karibu haikuwa.

Kijana akaenda nje kupumua. Mjukuu akakaa chini, akaweka kichwa kwa magoti yangu vile alikuwa anafanya akiwa mdogo.

"Kukhu, kama ingekuwa ni ukoo wetu, ungekataa?"

"Ningekataa," nikamwambia. "Halafu ningelia kukushinda."